Kwa Nini Matairi ya Matela Hupasuka, na Nini Kifanyike Kabla ya Safari

Na Mwandishi Wetu

Msafiri yeyote aliyepita Barabara Kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma ameviona vipande virefu vya mpira mweusi vilivyojikunja kando ya lami, kuanzia Chalinze, kupita Mikumi, hadi kwenye bonde la Ruaha Mbuyuni. Hayo ni masalia ya matairi ya magari makubwa yaliyopasuka yakiwa safarini. Kila kipande kina habari yake: mzigo uliochelewa, gari lililolala porini, na mara nyingine watu waliopoteza maisha kwa sababu tela liliyumba na kuvuka upande wa pili wa barabara.

Dereva akiulizwa, jibu huwa ni lile lile: tairi lilikuwa zima, likapasuka ghafla. Ni kweli kwamba mlio huja ghafla. Lakini tairi lenyewe huwa limekwisha kuharibika kwa saa kadhaa, kwa siku au hata kwa miezi kabla ya mlio huo, na kwa sehemu kubwa ya muda huo dalili zilikuwepo kwa mwenye kuzitafuta. Makala haya yanaeleza namna tairi la tela linavyofikia hatua ya kupasuka, na mambo ambayo mmiliki, dereva, utingo na fundi wa matairi wanaweza kuyafanya mapema.

JOTO LINALOJENGEKA NDANI

Kinachobeba mzigo katika tairi ni hewa iliyobanwa ndani yake. Mpira na nyuzi za chuma kazi yake ni kuishikilia hewa hiyo. Upepo ukipungua, ukuta wa tairi hulegea na kujikunja zaidi kila unapofika chini na kukutana na barabara. Tairi la kawaida la lori huzunguka takriban mara 300 katika kilomita moja. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ukuta huo hukunjwa na kukunjuliwa takriban mara 24,000 katika saa moja. Mtu aliyewahi kukata waya kwa kuukunja na kuukunjua kwa vidole anafahamu kinachotokea: waya hupata moto, kisha hukatika.

Ndivyo ilivyo kwa tairi. Mkunjo huzalisha joto, na mpira huliachia joto hilo polepole sana kwa kuwa si kipitishi kizuri. Joto likizidi, mshikamano kati ya mpira na nyuzi za chuma hudhoofika na tabaka huanza kuachana. Kuanzia hapo kuna njia mbili. Ama sehemu ya juu yenye meno hubanduka na kuachwa barabarani kama vile vipande tulivyovitaja, ama nyuzi za ukuta hukatika na hewa yote kutoka kwa kishindo.

Mambo yanayoongeza joto hilo ni matatu: upepo pungufu, mzigo uliozidi na mwendo mkali. Jua la mchana huchangia, lakini si chanzo. Tairi lenye upepo sahihi na mzigo halali limeundwa kuhimili lami ya Ruaha Mbuyuni saa nane za mchana. Lisilohimili ni lile lililofika hapo likiwa tayari limechemka.

Kwa magari yanayotoka Iringa kuelekea Dar es Salaam kuna jambo la kuongeza. Katika mteremko wa Kitonga, dereva anayetegemea breki peke yake badala ya gia nzito huzichemsha ngoma za breki za tela, na joto hilo hupita kwenye rimu hadi kwenye ukingo wa tairi. Akimaliza mlima huingia moja kwa moja kwenye uwanda wenye joto, ambako barabara humshawishi kukimbia ili kufidia muda. Dakika chache za kusimama chini ya mlima, mahali panaporuhusiwa, na kuyapitia magurudumu yote kwa macho zina thamani kubwa kuliko muda unaofidiwa.

KWA NINI TELA ZAIDI YA KICHWA

Tairi la mbele la kichwa likipungua upepo, usukani humwambia dereva papo hapo. Tela halina njia ya kumwambia. Matairi yake, ambayo katika tela la ekseli tatu hufikia 12, yako mita nyingi nyuma ya kiti cha dereva, na kinachounganisha tela na kichwa ni pini moja. Tairi linaweza kutembea bila upepo kilomita nyingi huku ndani ya kichwa redio ikisikika vizuri na usukani ukiwa mwepesi kama kawaida.

Kundi la ekseli tatu zenye matairi manne kila moja linaruhusiwa kubeba tani 24 kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutekelezwa nchini mwaka 2019. Ukigawa tani hizo kwa matairi 12, kila tairi linabeba takriban tani mbili. Tairi lililoandikwa 152/148 ubavuni limethibitishwa kubeba kilo 3,550 likiwa peke yake na kilo 3,150 likiwa katika jozi. Kwa hiyo mwenye kufuata sheria ana akiba ya kutosha kabisa.

Sasa tairi la ndani likipata pancha ndogo ya msumari, ambayo hakuna anayeiona, mwenzake wa nje hubaki na mzigo wa wote wawili, takriban tani nne. Hicho ni kiwango kinachozidi uwezo wake hata kama lingekuwa jipya. Saa moja au mbili baadaye linapasuka la nje, lile ambalo utingo aliliona asubuhi likiwa limesimama vizuri. Dereva anaapa kwamba tairi lilikuwa zima, naye hasemi uongo; lililokuwa bovu ni lile ambalo hakuinama kulipima.

Sababu hiyo ndiyo inayofanya tairi la ndani liwe la kwanza kupimwa. Vali yake imejificha nyuma ya rimu ya nje na ni kazi kuifikia, hivyo hurukwa. Kuna mirija mifupi ya kurefusha vali ambayo huondoa kisingizio hicho, nayo ni rahisi kufungwa.

Tela pia huyasumbua matairi yake kwa namna ambayo kichwa hakifanyi. Ekseli tatu zilizo sambamba haziwezi kukata kona pamoja. Katika kugeuza ndani ya yadi yenye nafasi finyu, matairi ya ekseli moja huburutwa kwa ubavu huku gari likizunguka. Anayesimama pembeni ataona kuta zikijipinda hadi karibu na kuvuka rimu. Hali hiyo haiepukiki kabisa, lakini dereva anayechukua kona pana na asiyegeuzia mahali pamoja huku tela limejaa huyapa matairi yake umri mrefu zaidi.

Kisha kuna desturi ya kuhamishia kwenye tela matairi yaliyochoka kwenye kichwa. Gharama ya matairi mapya ni kubwa na sababu ya desturi hiyo inaeleweka. Hata hivyo, ni kuyapeleka matairi dhaifu mahali ambako yatabeba mzigo mzito na ambako hakuna atakayehisi yakianza kushindwa. Iwapo hapana budi, yachaguliwe kwa umri na hali ya kuta zake, si kwa urefu wa meno pekee. Katika jozi moja, matairi yawe ya aina moja na ya kimo kinacholingana, maana lililo refu zaidi hubeba sehemu kubwa ya mzigo.

Wanaovuta matela madogo kwa pikapu, yawe ya mazao, ya boti au ya vifaa vya kambi za watalii, wasidhani kwamba hayo yote yanawahusu wenye malori tu. Tela la magurudumu mawili lenye matairi ya gari dogo yaliyoandikwa 91 lina uwezo wa kilo 615 kwa kila tairi, yaani kilo 1,230 kwa jumla, na ndani ya hizo umo uzito wa tela lenyewe. Magunia kumi ya mahindi ya kilo 100 yanaweza kuumaliza uwezo huo. Matela ya namna hii pia hukaa nyuma ya nyumba msimu mzima bila kutembea, kisha hufungwa siku moja na kupelekwa mbali.

KUUSOMA UBAVU WA TAIRI

Ubavuni mwa tairi kuna maandishi mengi, lakini yanayohitajika kwa usalama ni machache. Namba kama 152/148 iliyofuatwa na herufi ni kiwango cha mzigo, cha tairi moja na cha jozi, na herufi ni kikomo cha mwendo: K ni kilomita 110 kwa saa, L ni 120 na M ni 130. Namba hizo hulinganishwa na jedwali ambalo muuzaji wa matairi anapaswa kuwa nalo.

Baada ya herufi DOT hufuata mfululizo unaoishia kwa tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tarakimu hizo huenda zikawa upande mmoja tu wa tairi, hivyo mnunuzi asikubali kuambiwa kwamba hazipo kabla hajatazama pande zote mbili. Watengenezaji wengi wanashauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya kutumika miaka mitano, na liondolewe likifikisha miaka kumi tangu kutengenezwa hata kama linaonekana zima. Mpira huzeeka kwa jua na hewa hata ukiwa stoo.

Tairi la tela ambalo halitembei sana linaweza kuwa na meno marefu na wakati huo huo likawa limekwisha kwa umri. Tairi kipara kila mtu hulitambua, na askari wa usalama barabarani hulitambua zaidi. Lenye meno mazuri na nyufa nyembamba kwenye ukuta hupita bila kuulizwa. Uvimbe wowote ubavuni ni dalili kwamba nyuzi zimekatika kwa ndani. Tairi hilo halina matengenezo na halipaswi kusafiri hata kama tairi la akiba.

UPEPO HUPIMWA KWA GEJI

Katika vituo vyote vya malori asubuhi husikika milio ya rungu au nyundo ikigonga matairi. Ni kawaida ya zamani na ina faida yake ndogo: tairi lisilo na upepo kabisa hutoa sauti tofauti. Lakini sikio la binadamu haliwezi kutofautisha psi 120 na psi 90, na tofauti hiyo ndiyo inayoua. Geji ya mkononi ndiyo kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika makala haya, na ndicho ambacho kukosekana kwake hakuna utetezi.

Upepo upimwe tairi likiwa la baridi, yaani kabla ya kuondoka au baada ya gari kusimama kwa saa tatu au zaidi. Kiwango sahihi hutegemea ukubwa wa tairi na mzigo, nacho hupatikana kwenye jedwali la mtengenezaji. Kwa matairi mengi ya matela makubwa huwa kati ya psi 100 na psi 130. Tairi zima hupoteza takriban psi 1 hadi 2 kwa mwezi bila pancha yoyote. Tela lililokaa yadi miezi mitatu linahitaji kupimwa lote kabla halijafungwa, pamoja na tairi la akiba.

Kosa linalotokea mara kwa mara ni la kupunguza upepo njiani. Dereva husimama Morogoro au Mikumi, akapima, akakuta tairi alilolijaza psi 120 alfajiri sasa linasoma 135. Anaogopa litapasuka kwa kujaa, anapunguza hadi 120. Ukweli ni kwamba hewa ikipata joto hutanuka, na kupanda kwa kiwango hicho ni jambo la kawaida ambalo tairi limeundwa kulihimili. Kesho yake likipoa litakuwa na takriban psi 105 tu, na mwenye gari atakuwa ameanza kwa mikono yake mwenyewe ule mwendo wa kupungua upepo, kujikunja na kuchemka. Tairi lenye joto halipunguzwi. Ikiwa moja limezidi wenzake sana kwa kiwango au kwa joto, hapo pana hitilafu ya breki, ya beringi au ya tairi lenyewe, na inatafutwa.

HATARI ILIYOPO KWA FUNDI

Tairi lililotembea likiwa limepungukiwa upepo kwa asilimia 20 au zaidi huhesabiwa kuwa limetembea bila upepo. Kwa tairi la psi 120, hiyo ni psi 96 kushuka chini. Halipaswi kuongezwa upepo na kuendelea na safari. Linatakiwa kufunguliwa kwenye rimu na kukaguliwa ndani, kwa sababu nyuzi za chuma za ukuta huenda zimekwisha kuchoka na kukatika moja moja.

Tairi la namna hiyo linapojazwa, nyuzi zilizobaki hukatika kwa mfululizo kama zipu inayofunguka, na ukuta wote hupasuka mbele ya aliyeshika mpira wa upepo. Nguvu yake inatosha kumrusha mtu mzima na kumuua. Mafundi wa matairi wanaofanya kazi kando ya barabara zetu, wengi wao wakiwa vijana na baadhi wakiwa wanafunzi wa ufundi, ndio walio karibu zaidi na hatari hii, na mara nyingi hakuna aliyewaeleza.

Fundi ajazie tairi ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu wenye kishikio kinachojibana chenyewe kwenye vali, naye asimame mbali, upande wa mbele au wa nyuma wa gurudumu na kamwe si mkabala na ubavu wake. Akisikia mlio wa kukatika-katika au kuona uvimbe, asisogee kuchungulia. Aache kujaza na kuutoa upepo wote akiwa mbali. Kabla ya kulegeza nati za gurudumu la jozi lenye hitilafu, upepo wa matairi yote mawili utolewe kwanza. Rimu isichomelewe ikiwa na tairi, hata kama tairi halina upepo, kwa kuwa joto la kuchomelea huzalisha ndani gesi inayoweza kulipuka. Na petroli isitumike kulikalisha tairi kwenye rimu.

MZIGO NA MWENDO

Uzito wa juu wa gari na tela unaoruhusiwa katika nchi za Jumuiya ni tani 56, lakini mizani hupima pia kila ekseli na kila kundi la ekseli, na kwa tairi hicho ndicho kipimo chenye maana zaidi. Gari linaweza kuwa ndani ya tani 56 huku ekseli ya nyuma ya tela ikiwa imezidiwa kwa sababu shehena imerundikwa upande mmoja. Msafirishaji anayepakia vizuri anayalinda matairi yake kabla hajakumbuka faini.

Kwa mwendo, Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, imeweka kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwa magari ya biashara yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Herufi M ubavuni mwa tairi isichukuliwe kuwa ruhusa ya kukimbia kilomita 130; hicho ni kipimo cha tairi zima, lenye upepo kamili, na si cha gari wala cha barabara.

Watumiaji wengine wa barabara nao wanahusika. Tairi linalopasuka hurusha vipande vizito vya mpira pembeni na nyuma kwa nguvu. Dereva wa gari dogo au wa bodaboda asiendeshe sambamba na magurudumu ya tela kwa muda mrefu: apite pale panaporuhusiwa na salama, au abaki nyuma kwa umbali wa kutosha. Ukiona tela linatoa moshi gurudumuni, mwashirie dereva wake kwa taa na mkono. Kuna uwezekano mkubwa kwamba hajui.

LIKIPASUKA SAFARINI

Dereva aushike usukani kwa mikono miwili na kulinyoosha gari, aachie mafuta polepole, na asikanyage breki kwa nguvu. Breki ya ghafla ndiyo inayolifanya tela livutike upande na kukunjana na kichwa. Gari likishapungua mwendo litolewe taratibu nje ya njia ya magari, kwenye ardhi ngumu, na pembetatu za tahadhari ziwekwe mbele na nyuma. Matawi ya miti yanaweza kuongezwa, lakini hayachukui nafasi ya pembetatu, hasa usiku.

Kuendelea na safari "hadi kituo cha mbele" kwa tairi moja la jozi ni kulihukumu lililobaki. Tairi lisilo na upepo likisagwa na mwenzake linaweza pia kushika moto, na moto wa tairi ni mgumu kuzima: huhitaji maji mengi na huweza kuwaka tena baada ya kuonekana umekwisha. Watu wakae mbali na ubavu wa gurudumu, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe kwa namba 114.

Baada ya kubadilisha, kagua tairi la pili la jozi kana kwamba nalo limepasuka, kwa sababu limebeba mzigo ambao halikutengenezewa. Nati za gurudumu zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Na mawe yaliyotumika kuzuia magurudumu, pamoja na matawi na vipande vya mpira, yaondolewe barabarani kabla ya kuwasha gari. Anayekuja nyuma usiku hatajua kwamba yalikuwa ya mtu aliyepata pancha mchana.